Zambarau na Njia za Kupanda Tu

Kuna watu wanaoogopa nyoka, na kuna wanaoogopa wakwe zao. Huyu mama hakuogopa nyoka wala mkwe. Alichoogopa ni mteremko. Ungempa kilima chochote, kiwe kirefu namna gani, kiwe na kokoto za kuteleza namna gani, angekipanda kwa baiskeli huku anapiga mluzi. Ukimwambia ashuke, hapo ungeanza kusikia habari za mnyororo kulegea, za upepo kuwa mbaya leo, na za mandhari ambayo ni lazima aitazame kwanza mpaka jua litue.

Watu walimwita Zambarau, na jina lenyewe alilipata kwa mteremko. Alipokuwa msichana mdogo alipewa baiskeli ya mjomba wake apeleke mikasi kwa wavunaji kwenye shamba la juu la mizabibu. Kwenda alikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, waya wa breki ulikatika kwenye kona ya kwanza, na kuanzia hapo baiskeli ilifanya mambo yake yenyewe. Ilipita katikati ya mistari miwili ya mizabibu, ikaingia uani kwa mwalimu mkuu, ikaondoka na suruali nyeupe ya mwalimu mkuu iliyokuwa imeanikwa kambani, ikavuka barabara, ikamtupa mtoto wa watu kichwa chini miguu juu ndani ya pipa la zabibu zilizokwisha kupondwa. Alipotolewa alikuwa wa zambarau kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kucha, na suruali ya mwalimu ameivaa shingoni. Rangi ilimtoka baada ya kusuguliwa sana. Jina halikumtoka. Suruali nayo haikuwa nyeupe tena, na mwalimu mkuu aliendelea kuivaa hivyo hivyo, kwa ukaidi tu, hadi alipostaafu.

Tangu hapo Zambarau alikula kiapo kimoyomoyo kwamba hatashuka mlima kwa baiskeli mpaka siku ya kuingia kaburini, na hata huko angeomba ashushwe polepole.

Alikua, akaajiriwa katika kiwanda cha mvinyo kilichokuwa chini ya milima, kwenye meza ya kubandika lebo. Chupa inakuja, unaifuta, unabandika, unapapasa kwa kitambaa lebo isikunjamane, chupa inaondoka, nyingine inakuja. Msimamizi wa meza ile alikuwa na usemi mmoja tu maishani, nao ni, "Hiyo imekaa upande." Basi siku za mapumziko Zambarau alichukua baiskeli akapanda. Alipita njia za matrekta kati ya nguzo na nyaya za mizabibu, akafuata barabara za changarawe zilizozunguka mabega ya milima, akatokea kwenye misonobari, halafu juu kabisa mahali pasipo na kitu ila mnara wa simu na upepo. Alipenda kupanda kwa mapenzi ambayo hata mwenyewe aliona haya kuyaeleza. Kule juu miguu ilikuwa yake na pumzi ilikuwa yake, na hakuna mtu wa kumwambia amekaa upande.

Kasoro ilikuwa moja. Aliyepanda lazima ashuke. Kusukuma baiskeli kwa miguu kungewezekana, lakini magoti yake yalikuwa na msimamo wa ajabu: kwenye pedeli hayakulalamika kamwe, kwenye kushuka kwa miguu yalipiga kelele kabla hata hajafika kona ya pili.

Siku moja dereva wa lori la kiwanda, aliyekuwa amepeleka makreti matupu shamba la juu, alimkuta msichana amesimama kando ya baiskeli anatazama bonde. Dereva akapakia zabibu zake, akafunga turubai, akarudi akamkuta bado anatazama bonde.

"Dada, kuna mtu unamsubiri?"

"Natazama tu."

"Giza linaingia."

"Basi nitatazama taa."

Dereva alikuna kichwa. "Baiskeli ina shida?"

"Ina shida kidogo ya kushuka."

Mwanamume mwingine angecheka mpaka akae chini. Huyu aliinua baiskeli, akailaza juu ya makreti, akaifunga kwa kamba, akamfungulia mlango, na njia nzima hakuuliza neno. Wiki iliyofuata baiskeli ilikuwa bado ina shida ya kushuka. Iliyofuata pia. Mavuno yalipokwisha walioana, na shida ile ya baiskeli haikuzungumzwa tena ndani ya nyumba yao. Dereva mwenyewe hakuwa mtu wa baiskeli. Akiulizwa, alijibu kwamba baiskeli ni ya watu wasio na lori, na mazungumzo yakaishia hapo.

Miaka ikapita, binti yao akawa mtu mzima, na nyumba ya wageni jirani na kiwanda ikaleta baiskeli zile zenye matairi mapana ya kukanyagia changarawe. Wageni walioziendesha walikuwa watu wazima wenye kazi nzuri mjini, watu wenye viti laini maofisini, ambao walilipa pesa zao halali ili wachoke. Meneja wa nyumba ya wageni alitafuta mtu wa kuwachorea njia, na kila aliyemuuliza alimtajia Zambarau.

Zambarau akapiga mbao, akachora mishale, akaisimika kila penye njia panda. Kulikuwa na njia ya bwawa, njia ya misonobari na njia ya mnara, na zote zilikuwa nzuri, zinapita kivulini mchana na kwenye maji pale mtu anapoanza kuyawaza. Lakini ukizitazama kwa makini, mishale yote ilielekea juu. Hakukuwa na hata mmoja wa kurudi. Na kwenye kila kilele palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MWISHO. SUBIRI LORI.

Wageni walisubiri lori. Dereva alifika, akawapanga katikati ya makreti, na wakashuka mlima wakiwa na zabibu mapajani, wanaimba nyimbo za shule. Hakuna aliyehisi kitu. Meneja ndiye aliyefurahi kupita wote.

"Watu wapande, zabibu ziwashushe!" aliwaambia wageni akiwa amefumba macho kwa raha. "Huyu mama ana kipaji."

Zambarau aliitikia kwa kichwa, uso mkavu. Dereva alikuwa anafuta kioo cha lori, na aliendelea kukifuta.

Halafu macho ya Dereva yakaanza ukorofi. Kwanza alikuwa akiwasalimia watu kwa majina ya watu wengine, jambo ambalo watu walidhani ni ucheshi. Mpaka siku aliyosimamisha lori kwenye njia nyembamba ya shambani, akapiga honi, akapiga tena, akashusha kioo na kumwambia jamaa aliyesimama mbele yake asogee, watu wana kazi. Jamaa hakujibu. Dereva akateremka kwa hasira, akamwendea, na alikuwa ameshamwita mshenzi mara mbili ndipo akagundua kwamba anagombana na sanamu la kutishia ndege, tena limesimama kwenye mistari ya mizabibu, mbali kabisa na barabara. Bahati mbaya nyuma ya lori walikuwepo wageni, na kati ya wageni alikuwepo Meneja, na Meneja alikuwa amelitambua sanamu lile mapema kwa sababu lilikuwa limevaa koti lake la zamani.

Daktari wa macho alisema alichosema, kiwanda kikachukua funguo. Lori likapewa dereva mwingine, pamoja na amri mpya kwamba juu ya makreti asipande binadamu yeyote.

Meneja akamwita Zambarau ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na aliongea kwa adabu.

"Mama, njia zako sasa itabidi zizunguke. Zianzie hapa, ziishie hapa. Jumamosi nina kundi la wageni. Uwapeleke mnarani wewe mwenyewe, na uwarudishe kwa baiskeli. Ukiona haiwezekani niambie tu, usione vibaya. Hizi baiskeli nina mtu anazitaka, nitamwachia."

"Inawezekana," alisema Zambarau.

Alitoka akaenda chooni, akashika sinki kwa mikono miwili. Baiskeli zikiuzwa, mbao zake zitang'olewa na yeye atabaki na meza ya lebo mpaka nywele zimalizike kuwa nyeupe. Na hata akiamua kupanda peke yake, nani atamshusha? Bila lori hakuna kushuka, na bila kushuka hakuna kupanda. Alijitazama kwenye kioo, akaona mwanamke mzima aliyekaribia kulia kwa sababu ya kilima.

Hakulia. Alikwenda kujaribu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kufumba macho, na liliishia kwenye mtaro. La pili lilikuwa la akili zaidi: alifunga mzigo mkubwa wa matawi ya mizabibu yaliyokatwa nyuma ya baiskeli, ili uburuzike umzuie. Mzigo ulimzuia kweli. Ulimzuia asisogee ila kwa kukanyaga pedeli kwa nguvu zote, na alipofika bondeni, yuko hoi, vumbi hadi kwenye kope, alikuta vibarua wa barabara wamesimama wanamshukuru kwa kufagia. Jaribio la tatu lilimhusu mbuzi, na mwenye mbuzi aliomba lisisimuliwe.

Nyumbani nako mambo hayakuwa rahisi. Dereva asiye na lori alikuwa amehamishia udereva wake sebuleni. Kabla ya kuinuka mezani alitazama kushoto, akatazama kulia. Akiingia jikoni kupitia ukumbini alitoa mkono kuonyesha upande anaokunja. Binti yao alimvumilia. Zambarau, ambaye magoti yalikuwa yanamuuma na nywele zilikuwa bado na majani ya mizabibu, hakumvumilia.

"Utaacha lini kupiga honi kwa mdomo?"

"Na wewe utaacha lini kujifunga matawi?" alisema Dereva. "Mke wangu, si useme tu kwamba unaogopa kushuka?"

Zambarau aliweka kijiko mezani.

"Nani kakwambia naogopa?"

"Hakuna. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Baiskeli haiwezi kuwa na shida ya kushuka miaka yote hii."

Ungedhani mwanamke angefarijika. Alikasirika mno. Alijiona amekuwa akivuliwa nguo kila jioni ya safari zile za lori, huku yeye akijidhania amejifunika gubigubi. Akanuna. Dereva naye, aliyekuwa hajanuniwa kiasi hicho tangu wafunge ndoa, akanuna kwa heshima ya mnuno wa mkewe. Wakawa wanaongea kupitia binti yao, aliyekaa kati yao kwenye meza hiyohiyo moja.

"Mwambie baba yako chai inapoa."

"Baba, chai."

"Mwambie mama yako nimeiona."

"Hakuiona, mama. Anatazama bakuli la sukari."

Ijumaa alasiri, Fundi, kaka yake Zambarau mwenye karakana ya baiskeli barabarani kwao, aliingia uani akisukuma kitu kirefu kisichoeleweka. Alikuwa amekata baiskeli mbili kuukuu na kuziunga kwa kuchomelea, zikawa moja yenye viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Rangi hazikulingana hata kidogo. Zambarau aliizunguka. Usukani wa mbele ulikuwa mtupu, hauna breki. Mikono yote ya breki ilikuwa imefungwa kwenye usukani wa nyuma, ule usiogeuka.

"Kaka, umelewa?"

"Usiniulize mimi. Shemeji ndiye aliyeagiza. Nilimwambia ni uwendawazimu, akaniambia nikaze nati."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, anaitazama baiskeli, au pengine anautazama ukuta wa jirani. Alikohoa, akamsemesha mkewe moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu mnuno uanze.

"Wewe utakaa mbele, ushike usukani. Mimi nitakaa nyuma, nishike breki. Mimi sioni njia, na wewe huamini breki. Kila mtu afanye anachokiweza."

Zambarau alitaka kuendelea kununa, ila aligundua kwamba midomo inamsaliti.

"Umeshika breki za lori miaka mingapi?" aliuliza.

"Sijawahi kumwaga hata zabibu moja."

"Haya," alisema.

Jumamosi asubuhi waliondoka, wageni nyuma yao kwa foleni. Kupanda kulikuwa kutamu, japo baiskeli ilikuwa nzito kupita kiasi na kila walipoyumba kidogo Dereva aliguna.

"Unakanyaga huko nyuma?"

"Nakanyaga."

"Mbona naona kama nimebeba kabati?"

"Kabati linakanyaga," alisema Dereva, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebana meno.

Walipita mizabibu, wakapita misonobari, wakafika mnarani. Wageni walipiga picha, wakanywa maji, wakamsifu. Halafu wakageuka wakamtazama, wamevaa kofia zao ngumu, wanasubiri. Kibao cha MWISHO. SUBIRI LORI kilikuwa kimeshang'olewa. Zambarau alitazama barabara ya kushukia, jinsi ilivyojipinda na kupotelea chini. Aliung'ang'ania usukani mpaka kengele yake ikaanza kulia yenyewe.

"Mbele kuna nini?" Dereva aliuliza nyuma yake.

"Mteremko."

"Hilo najua. Niambie barabara. Mimi sioni."

"Imenyooka mpaka kwenye jiwe jeupe. Halafu kona."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Kali?"

"Kama mdomo wa mama yako."

"Basi twende," alisema Dereva.

Wakaenda. Mtu asije akadhani walikwenda mbio. Breki zilikuwa zimebanwa tangu kabla baiskeli haijasogea, na zilipiga yowe ambalo lilisikika kiwandani, ambako mafundi walizima mtambo wa kuziba chupa na kuanza kuutafuta ugonjwa wake. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma toroli la mbolea aliwakuta, akawasalimia, akaulizia hali ya binti, akawapita. Wageni nyuma walikuwa wameteremka baiskeli zao na kutembea, na mmoja alimaliza mkate wake wote bila kuharakisha. Mwingine alimuuliza jirani yake kama hii ni mbinu mpya ya mazoezi.

Zambarau hakuyaona hayo. Alikuwa kazini. "Kokoto nyingi, kushoto. Shimo, tunalikwepa. Kona ya kushoto, pana. Mbwa." Kila alichokiona alipaswa kukisema, na ili akiseme alipaswa kukitazama, na alipokitazama alikuta ni barabara tu, ileile aliyoipanda miaka yote, imegeuza uso. Hofu haikuondoka. Alikuwa nayo njia nzima, imemkaa kifuani, lakini haikupata nafasi ya kuongea kwa sababu yeye alikuwa hanyamazi.

Wakaingia kwenye ua wa nyumba ya wageni. Meneja alipiga makofi, binti yao alipiga vigelegele, Fundi alitoka mbio na spana mkononi kama mtu anayetarajia mabaya. Zambarau aliweka mguu chini. Alikuwa ameshuka mlima. Alitaka kuteremka akumbatie mtu, yeyote yule, hata Meneja, lakini baiskeli ilikataa kusogea.

Akageuka. Mumewe alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha nyuma, macho ameyafumba, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, vidole vimekauka kwenye breki.

"Tumefika," alimwambia.

"Tumesimama?"

"Kitambo."

"Shemeji, achia breki," alisema Fundi.

"Nikiachia itaanguka."

"Haianguki. Weka mguu chini."

"Upi?"

Fundi alicheka, lakini Zambarau hakucheka. Alimtazama mumewe kwa makini, na kule kuguna kote kwa asubuhi, na lile kabati, na miaka yote ya habari za watu wasio na lori, vikamjia kwa pamoja.

"Mume wangu," alisema polepole. "Wewe umewahi kupanda baiskeli?"

Dereva alifungua jicho moja.

"Leo," alisema.

Fundi alipiga magoti, akaanza kumbandua shemeji yake vidole kwenye breki, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo breki zote zile," alisema Zambarau, "yowe lote lile, ulikuwa woga wako tu?"

"Wote."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani wewe uliniambia?"

Hapo ndipo Zambarau alipolia, mbele ya wageni, mbele ya Meneja, analia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinamtoka na wala hajali. Alimpenda mtu yule mpaka akatamani kumpiga kofi. Alimshika kiunoni, akamteremsha kwenye kiti taratibu, mguu wa kwanza, halafu wa pili, akamsimamisha ardhini na hakumwachia.

"Kesho tunaanza na kile kilima kidogo nyuma ya nyumba," alimwambia, akijifuta uso kwa shati la mumewe. "Nitakufundisha kupanda."

"Na kushuka?"

Zambarau alifikiri.

"Kushuka," alisema, "tutauliza watu."